Aliyeitaka Safari

Gaudensia alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, akigeuza kahawa kwa viganja, aliposikia mbwa wa jirani wakibweka upande wa barabara. Hakuinua kichwa. Jumamosi mchana watu wengi hupita pale Rubya, wengine wakienda hospitali kuona wagonjwa, wengine wakitoka sokoni, na mbwa wale humbwekea kila mmoja. Lakini kubweka kulipokoma ghafla, kama vile mbwa wamemtambua mtu, mikono yake ikasimama yenyewe ndani ya kahawa.

Akajua kabla hajaona.

Mashimba alitokea kati ya migomba. Alikuwa amekonda. Shati lake la bluu lilikuwa limepauka mabegani, na mkononi alining'iniza sangara mkubwa aliyefungwa kwa kamba ya mgomba. Alifika ukingoni mwa uwanja akasimama, asijue kama anaruhusiwa kupiga hatua nyingine. Macho yao yakakutana. Gaudensia alikuwa amejiandaa kwa siku hii; maneno alikuwa nayo, makali, aliyapanga usiku hadi usiku. Sasa aliyatafuta asiyaone.

"Habari za hapa," Mashimba alisema.

"Nzuri."

"Mwanangu Koku yupo?"

"Yuko mafundisho, parokiani. Anakaribia kurudi."

Kabla hajauliza lingine, mlango wa nyumba kubwa ukafunguka na Datius akatoka. Datius alikuwa kaka mkubwa wa Gaudensia, na tangu baba yao afariki ndiye aliyeshika kibanja, shamba la urithi la migomba na kahawa, na kauli ya ukoo. Alikuwa amevaa mabuti, jembe begani, maana siku ile alikuwa na kazi aliyoipanga. Alimtazama Mashimba kuanzia viatuni mpaka usoni.

"Nani amekuita?"

"Hakuna aliyeniita, shemeji. Nimekuja kuona familia yangu."

"Familia yako uliitupa Zambia."

Nyuma yake akatoka mama yao, Georgina, akijifunga vizuri kitenge kiunoni. Mashimba akainama, akamsalimia kwa Kihaya chake cha kujifunza ukubwani: "Osibile ota, waitu." Mama akaitikia kwa sauti ya chini, bila kumtazama usoni, kama inavyompasa mama mkwe. Mashimba akanyoosha ule mkono wenye samaki. Hakuna aliyempokea. Akangoja kidogo, kisha akaenda mwenyewe kumtundika kwenye msumari wa jiko la nje, akarudi pale pale aliposimama.

"Nisikilize," Datius alisema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Gaudensia. "Wewe umezaliwa kambini, visiwani. Samaki wakihama, mnahama. Sikulaumu, ndivyo mlivyolelewa. Lakini dada yangu ni mtoto wa kibanja. Babu zake wamezikwa hapa, nyuma ya hii nyumba. Ukamfungisha duka lake la vitambaa Miembeni, duka lililokuwa na wateja. Ukamvika begi mgongoni kama mkimbizi. Ukamlaza kwenye sakafu za watu, nchi baada ya nchi, mpaka mtoto akapotea ugenini. Je, nimesema uongo?"

Mashimba alimtazama Gaudensia. Alimtazama mara moja tu, wala hapakuwa na lawama katika jicho lile. Lilikuwa kama mtu anayekushikia mlango ili ukitaka kupita upite.

Gaudensia akainamia kahawa.

"Hapana, shemeji," Mashimba alisema. "Hujasema uongo. Mimi ndiye niliyewachukua."

Punje za kahawa zilimchoma Gaudensia viganjani kwa jinsi alivyozibana. Maana katika watu wote waliokuwa uwanjani pale, wawili tu walijua kwamba safari ile haikuwa ya Mashimba.

Ilikuwa yake yeye. Tangu akiwa msichana alikuwa akisimama kando ya barabara kuangalia magari yakipita, akijiuliza yanaishia wapi. Akaolewa, akafungua duka, akamzaa Kokwijuka, na kiu ile haikumtoka. Jioni moja pale Miembeni, Mashimba amerudi kutoka kutengeneza injini za boti, mikono bado ina mafuta, Gaudensia alimwambia: "Nataka tuende. Sisi watatu. Si kwa ndugu wala kwa kazi. Kwenda kuona tu." Mashimba alicheka, kisha akaona mke wake hatanii. Akasema, "Kama ndicho unachokitaka, twende."

Wakavuka Mutukula na mabegi mawili makubwa na moja dogo la Koku. Mbarara walinunua karanga kwa Kihaya na muuzaji akawajibu kwa lugha yake, wakaelewana wote wakicheka. Kabale walilala kitanda kimoja kwa baridi. Rwanda walifikia kwenye hosteli za parokia, Bujumbura wakaoga ziwani, wakarudi nchini kwao kwa mlango wa Kigoma na kutoka tena kwa mlango wa Sumbawanga. Walipika uji kwenye jiko la mafuta kando ya vituo vya mabasi, walitembea kwa miguu pale ambapo wengine walipanda bodaboda, na jioni walifua nguo walizovaa mchana. Gaudensia hakuwahi kuwa na furaha kama ile maishani mwake. Hakuna mtu Rubya aliyewahi kusikia neno hilo kutoka kinywani mwake.

Kisha ikaja Kapiri Mposhi. Mashimba alikwenda kuulizia chumba cha bei rahisi, akamwacha mkewe kituoni na mtoto na mabegi. Gaudensia akaanza kusoma majina ya miji kwenye vioo vya mabasi. Lusaka. Solwezi. Livingstone. Aliyasoma kama mtu anayesoma sala, na alipoteremsha mkono kumshika mwanawe, mkono ukashika hewa.

Walimpata kabla jua halijazama, amekaa kwenye kigoda kando ya mama mmoja mkaanga vitumbua, anawasalimia wateja "mulishani" kama mwenyeji. Hakuwa hata na chozi. Lakini Gaudensia alikuwa ameshakufa na kufufuka mara nyingi jioni ile, na hofu ilipoondoka iliacha hasira nyuma yake. Mbele ya kituo kizima alimwambia mumewe kwamba yeye ndiye aliyewaacha, kwamba hajui kulinda, kwamba anarudi kwao na mtoto. "Na usinifuate," akasema. Alipofika Rubya alisema maneno machache tu. Mengine ndugu zake waliyajaza wenyewe, naye akawaacha wayajaze.

"Datius," Mama Georgina alisema sasa, "mwache azungumze na mkewe."

"Azungumze," Datius alijibu. "Mimi naenda kupanda miche ya mpaka. Mama Koku anapata kipande cha kule chini, kile chenye kahawa mpya, na baba wadogo wamekubali. Atajenga, atakaa na mwanawe, hatahangaika tena. Sharti ni moja, na analijua: huyu bwana hatii mguu humo." Akamgeukia Mashimba. "Miche iko tayari. Nikimaliza kupanda, nikute umeshaondoka. Nikikukuta bado upo, tutaonana vibaya."

Akashika njia ya kuteremka, jembe begani.

Hapo ndipo Kokwijuka alipoingia kwa mbio, gauni la mafundisho limechafuka magotini. Alimwona baba yake akasimama ghafla. Alitazama uso wa bibi, akatazama uso wa mama, akijaribu kusoma kama inaruhusiwa kufurahi. Mwishowe akakusanya mikono, akapiga goti kidogo.

"Mulishani, baba."

Mashimba alichuchumaa, mtoto akaja, akamfunga mikono shingoni. Walikaa hivyo mpaka Mama Georgina alipogeuza uso, akajifanya anaangalia mawingu. Kisha akamwita mjukuu wake ndani, kwa upole, na uwanja ukabaki wa watu wawili.

Walikaa kwenye gogo nyuma ya jiko, kila mmoja upande wake. Kutoka bondeni jembe la Datius lilianza kusikika, likipiga na kupumzika, likipiga na kupumzika.

"Umekonda," Gaudensia alisema.

"Wewe umenawiri."

"Ndizi za mama."

Jembe likapiga. Gaudensia akaona afadhali aulize kabla ujasiri haujamtoka.

"Kwa nini hukuja?"

"Uliniambia nisikufuate."

"Nilisema, ndiyo. Lakini nilikaa dirishani mpaka Tunduma nikiangalia nyuma, Mashimba. Kila basi lililotupita nilidhani umo. Nikafika hapa, nikasema atakuja kesho. Kahawa ikaiva, ikachumwa, ikaanikwa. Nikasema basi, ameendelea na safari yake."

Mashimba alikuwa akitazama mikono yake. "Nilipanda basi lililofuata," akasema.

"Lipi?"

"Lililofuata lenu. Nilifika Tunduma nikakuona. Umempakata Koku, mnakunywa chai kwenye kibanda chenye turubai jekundu. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Nikasema nikimsogelea hapa atapaza sauti, na mtoto ataogopa mara ya pili. Nikawafuata kwa mbali. Mbeya nililala nje ya nyumba ya wageni mliyolala. Kahama nilikaa viti vya nyuma kabisa, basi lile lile, kofia usoni. Mliposhuka Muleba mjini na kaka yako akawapokea, nikasema wamefika. Ndipo nikarudi."

Gaudensia alimgeukia mzima mzima. Alikumbuka kibanda kile. Alikumbuka turubai lile jekundu, na jinsi alivyolia ndani ya kikombe ili mtoto asimwone. Kisha hasira ikampanda.

"Ukarudi wapi?"

"Kimwani. Kwa mjomba Ndaki, analima mpunga kule."

"Kimwani hii? Kimwani ya Muleba?"

"Ndiyo."

"Muda wote huu umekuwa wilaya hii hii. Mimi hapa nakuota uko Livingstone, nakuota umekufa njiani, na wewe uko Kimwani. Hata salamu?"

"Simu yangu hukupokea, Gauda. Na sikutaka kuja na maneno. Nilitaka kuja na kitu." Akanyoosha kidole kuelekea kusini, kana kwamba kutoka pale wangeweza kukiona. "Nimejenga nyumba. Vyumba viwili na sebule. Matofali nimefyatua mwenyewe, mjomba amenipa eneo. Bati nimepiga juzi. Mbele kuna mahali pa kuweka duka lako. Shule ya Koku iko karibu, anakwenda kwa miguu. Nimekuja kuwachukua."

Uso wake ulikuwa na mwanga ambao Gaudensia hakuwahi kuuona. Wala Bujumbura, wala popote. Ilimpasa afurahi. Mwanamke yeyote wa Rubya angefurahi. Badala yake alijihisi kama siku moja mtu alipofunga mlango wa stoo bila kujua kwamba yumo ndani.

"Nani alikwambia nataka nyumba?" aliuliza.

Mwanga ule ukazimika polepole. "Mtoto alipotea," Mashimba alisema. "Nilidhani umechoka."

"Nilichoka kuogopa. Sikuchoka kwenda."

"Gauda."

"Kaka yangu ananipimia shamba kule chini. Wewe umenipigia bati Kimwani. Kila mtu ananitafutia pa kunikalisha. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

"Mimi nikuulize nini?" Sauti ya Mashimba ilipanda kwa mara ya kwanza, na ndani yake mlikuwa na maumivu ya zamani. "Mimi ndiye niliyechoka. Unajua nimelelewaje? Samaki wakipungua, baba anapanda juu ya paa alfajiri, anashusha mabati, tunayapakia kwenye mtumbwi, tunakwenda kisiwa kingine. Nimesoma katika visiwa vingi mpaka walimu walikuwa hawajui jina langu. Wananiita wewe mgeni. Nikitoka shuleni kwa furaha kwamba nimepata rafiki, nafika nyumbani nakuta hakuna nyumba, kuna nguzo tu. Uliposema twende, pale Miembeni, nilijisikia kama mtoto anayeamshwa aambiwe toka, mabati yanashushwa."

Miaka yote ya ndoa Gaudensia alijua mumewe ametoka visiwani kama anavyojua mtu ametoka Ngara au Biharamulo. Hakuwahi kuliona paa lile.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Uso wako jioni ile ulikuwa unawaka. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nikasema, nitaenda nao popote uso huu unakotaka."

Jembe lilikuwa limekwenda mbali zaidi sasa, upande wa mwisho wa shamba. Datius hakuwa na mengi ya kumalizia. Gaudensia alijipangusa macho kwa kiganja, kikamwachia vumbi la kahawa shavuni. Mashimba alinyoosha mkono amfute, kisha akaurudisha, maana hakuwa na hakika kama bado ni haki yake.

"Na leo," Gaudensia alisema, "Datius aliposema wewe ndiye uliyenichukua. Kwa nini ulikubali?"

"Uliinama."

"Ndiyo, niliinama."

"Nikajua hutaki lijulikane. Mimi kulaumiwa na shemeji si kitu. Wewe unaishi nao."

Alisema kwa urahisi, kama mtu anayeeleza kwa nini alibeba begi zito. Gaudensia aliutazama ule mkono uliorudishwa, umekaa juu ya goti, una kovu jipya la kufyatua matofali. Akauchukua. Akaupeleka mwenyewe shavuni kwake, akaubana pale, mpaka aliposikia pumzi ya mumewe ikibadilika. Kisha akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Bondeni."

"Gauda, ukisema, atakunyang'anya kile kipande."

"Najua."

Aliteremka kati ya migomba bila kukimbia. Alisikia nyayo za Mashimba nyuma yake, na hakumwambia arudi. Datius alikuwa ameinama juu ya shimo, jasho limemlowesha mgongo. Miche ya mpaka ilikuwa imesimama nyuma yake kwa mstari ulionyooka. Mashimo machache yalibaki wazi. Alipomwona Mashimba aliweka jembe chini polepole, na mishipa ya mikono yake ikasimama.

"Nilisema nini?"

"Subiri, kaka," Gaudensia alisema. Alijiweka katikati yao. "Safari haikuwa yake. Ilikuwa yangu."

"Usimfunike."

"Simfuniki. Mimi ndiye niliyefunga duka. Mimi ndiye niliyesema twende. Yeye hakutaka, nami sikumuuliza. Na Koku alipopotea, Mashimba hakuwepo pale, alikuwa akitafuta pa kutulaza. Mkono wa mtoto ulikuwa ndani ya mkono wangu mimi, nikauachia. Nilikuwa nasoma majina ya mabasi."

"Wewe?" Datius aliuliza. "Kwenda tu? Bila shida ya kukupeleka?"

"Kwenda tu."

"Ulikosa nini hapa?"

"Sikukosa kitu. Napenda hapa. Na napenda kule nisikokujua. Vyote viwili vimo humu." Akajigusa kifuani. "Nikichukua shamba hili kwa sharti lako, nitakuwa nimekudanganya wewe, nimemdanganya mama, na nimemlipa ubaya mtu ambaye amenibebea aibu yangu bila kuombwa."

Datius akakaa kwenye kifusi cha udongo. Hasira ilikuwa imemtoka, na chini yake palikuwa na kitu ambacho Gaudensia hakukitegemea.

"Unajua niligombana na baba wadogo kwa ajili yako?" alisema taratibu. "Walisema mtoto wa kike hagawiwi kibanja. Nikawaambia dada yangu ameteseka. Nilipiga meza mbele ya wazee, mimi. Nimechagua upande wenye kahawa mpya. Na wewe unaniambia hukuteseka."

Neno lile lilimuuma Gaudensia kuliko lawama zote. Alichuchumaa mbele ya kaka yake. "Nilikuacha uamini," alisema. "Hilo ni langu, na ninakuomba radhi. Upendo wako siukatai, kaka. Nakataa sharti."

"Sharti na shamba ni kitu kimoja. Wazee hawatakubali vinginevyo."

"Basi shamba libaki kwa watoto wako."

Mahali fulani juu, nyumbani, Koku alikuwa akicheka na bibi yake. Datius alichukua donge la udongo akalivunja kati ya vidole, akalitupa. Mwishowe alimwangalia Mashimba, si kwa urafiki, lakini kwa mara ya kwanza kama mtu anayemwona.

"Uliniambia uongo pale juu," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Usirudie." Akainuka, akajipangusa suruali, akalisukuma jembe kwa mguu mpaka likafika miguuni mwa Mashimba. "Haya. Ing'oeni hiyo miche na mfukie mashimo yote. Wanangu wanachezea hapa, wasije wakavunjika miguu."

Akapanda kwenda nyumbani bila kugeuka nyuma.

Mashimba akashika jembe. Alianza na shimo la mwisho, akavuta udongo, na Gaudensia akaukandamiza kwa nyayo zake tupu. Walifanya hivyo shimo moja baada ya jingine bila kusema, mpaka mabega yao yakawa yakigusana kila walipoinama.

"Kimwani," Gaudensia alisema, "hiyo nyumba ina madirisha?"

"Mawili. Moja linatazama barabara kuu."

"Nitakuja. Tutakaa mpaka Koku amalize darasa lake. Umesikia? Mpaka amalize, hakuna mtu atakayeshusha bati lako. Kisha tutaongea. Safari hii utasema unalolitaka, nami nitasema langu, na hakuna atakayebeba la mwenzake kimya kimya."

Mashimba alisimamisha jembe, akaegemea mpini. Alimtazama kwa namna iliyomfanya Gaudensia asahau kwamba ana udongo mpaka magotini.

"Kisha tutaongea," alisema.

"Vuta udongo. Hilo bado halijajaa."